Njaa Niliyompa Bosi

Wewe, kwenu mlipewanga dawa ya minyoo siku gani? Usiniambie hamkupewa. Mtoto wa rika langu, amekulia Eastlands, asipewe dawa ya minyoo? Wacha uongo. Kwetu Makadara ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla shule zifunguliwe, na hiyo siku ilikuwa na kelele kushinda Krismasi, juu Krismasi hakuna mtu anatangaza yale yametoka kwa tumbo yako.

Mimi ni nyanya sai. Cheka tu. Nilizaa mapema, msichana wangu akazaa mapema kunishinda, na mjukuu wangu Shantel ako miaka saba. Ananiita Kukhu, vile sisi watu wa Bungoma huita nyanya, na ananiita hivyo kwa sauti katikati ya soko, mpaka wamama wanageuka kutafuta mwenye mvi. Mvi sina. Shule pia sina, niliachia darasa la tano. Lakini mdomo ninao, na kama una nafasi kaa hapo nikuambie kitu.

Juzi nimeenda na Shantel agroveti, lile duka la dawa za mifugo kule Umoja, tumebeba paka yake kumnunulia dawa. Msichana wa duka akafungua chupa moja, nikasikia harufu. Wee! Ile utamu ya uongo, kama chungwa limefungiwa kwa karatasi ya plastiki likafura. Nikashika kaunta. Akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimerudi darasa la nne, nimesimama kwa laini, na mkono wa mama umenibana pua.

Juu ndivyo alivyofanyanga. Ijumaa jioni hakuna chakula. Hata ukilia, hata ukisema tumbo inauma, unalala hivyo. Jumamosi asubuhi hakuna chai, hakuna maji. Jua likipanda ndio mama anatoka na chupa na kijiko kikubwa cha supu, anakaa mlangoni, watoto wa ploti yote, zile nyumba zetu za kukodi, wanapanga laini, juu wamama walikuwa wanachanga wananunua chupa pamoja. Anabana pua, unafungua mdomo, anamwaga. Halafu mnangoja. Vyoo vilikuwa vya watu wote, viwili kwa laini nzima ya nyumba, na ndani unasikia mtoto anapiga nduru, "Mimi tatu! Mimi nimetoa tatu!" na wengine nje wanamwambia aonyeshe, asipoonyesha ni uongo. Atieno, rafiki yangu wa mlango wa pili, mwaka mmoja alitoa moja ndefu akatembea kama malkia mpaka shule zikafunguliwa.

Sasa, kwa nini tulinyimwa chakula? Niliuliza. Aliyenijibu ni Senge Rispa, dada ya baba. Senge ni shangazi. Alikuwa anafanya kazi kiwanda ya sabuni Industrial Area na analala kwetu, nyuma ya pazia. Senge alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu, unaweza kukatia nao sukuma wiki. Akaniambia, "Mnanyimwa ndio minyoo isikie njaa. Ikisikia njaa inatoa kichwa kutafuta chakula. Ikitoa kichwa, inakutana na dawa." Nikaiweka hiyo maneno kwa kichwa. Na mimi kwa akili yangu ya mtoto nikaona kinachofanya kazi ni njaa. Dawa ni ya kufagia tu.

Nilikuwa na paka. Nilimuokota nyuma ya choo akiwa mdogo anatoshea kwa kiatu ya baba, rangi ya majivu, na shingo nyeupe kama amevaa shati. Nikamwita Bosi. Unajua kwa nini? Tumbo. Huyo paka alikuwa na tumbo kama karani mkubwa wa ofisi. Miguu nyembamba, mkia mwembamba, uso mdogo, halafu tumbo inatangulia. Paka zingine za mtaa zilikuwa zimekauka mbavu zinahesabika, na mimi nikawa naringa. Nikawa nasema paka yangu anakula vizuri. Vichwa vyote vya omena zangu, zile dagaa ndogo, nilikuwa nampatia chini ya meza, na kila nikimpatia tumbo inakua. Atieno akasema ni mimba. Tukabishana wiki mbili, yeye ameshaomba mtoto mmoja wa kike, mpaka Senge akamgeuza Bosi juu chini kwa mkono mmoja akatuonyesha. "Nyinyi wajinga, huyu ni dume. Hiyo mimba labda mmempa nyinyi." Akacheka mpaka akajifuta machozi na leso.

Siku moja, Jumanne, tumebaki siku nne tu kufikia Jumamosi ya dawa, Bosi akapanda kitanda akatapika kwa blanketi ya Nekesa. Nekesa ni mdogo wangu, alikuwa anatambaa tu, kila kitu anaokota anatia mdomoni. Mama akaenda kupanguza. Nikaona ametupa kitambaa chini. Nikaenda kuangalia. Kwa blanketi kulikuwa na kitu kama tambi zimepikwa, nyeupe, zimejikunja. Halafu moja ikajikunjua.

Mama alimshika Bosi shingo akamrusha nje. Nikasikia amegonga debe. Akanyakua Nekesa, akamfungua mdomo, akaingiza kidole kuangalia ndani, mtoto anapiga nduru. Hasira ikanigeukia mimi. "Hii ndio inalala na nyinyi? Hii ndio unalisha chakula yangu?"

Nikasema, "Mama, tumpatie dawa. Jumamosi apange laini na sisi."

"Dawa ya watoto wangu nimpatie paka?"

Senge kutoka nyuma ya pazia: "Mpeleke hospitali ya watu wazima. Akiulizwa jina aseme Bosi, ameachwa na bibi."

Mama akaniambia, na hapo hakuwa anapiga kelele, hiyo ndiyo mbaya, "Nafula, sikiza. Baba yako ako njiani na treni, atarudi Jumamosi jioni. Akirudi akute hiyo tumbo iko hivyo, nitamwambia amtie kwa gunia na jiwe, ampeleke mtoni. Mimi siziki mtoto juu ya paka."

Baba alikuwa mtu wa reli na alikuwa mpole, lakini kitu mama amesema alikuwa anafanya. Mwaka mwingine alipeleka mbwa ya jirani hivyo hivyo, kwa gunia, anapiga mluzi. Kwa hivyo nilijua. Nina mpaka Jumamosi jioni kushusha hiyo tumbo. Dawa nimenyimwa. Kuuliza tena nitachekwa. Lakini kulikuwa na kitu moja hakuna mtu anaweza kuninyima, na hiyo ni njaa.

Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, kulikuwa na kizimba cha sungura. Mwenyewe alirudi mashambani na sungura zake akaacha kizimba: mbao chini, mabati juu, wavu mbele, na kamlango kadogo ka kufunga na waya. Hakuna mtu alikuwa anaenda huko, watu walimwaga majivu tu. Nikamchukua Bosi kwa sweta ya shule, nikamtia ndani, nikasokota waya. Akazunguka, akanusa pembe zote, akaja akakaa mbele yangu akaniangalia. Alifikiri tunacheza. Nikamwambia vile mama alikuwa anatuambia Ijumaa: "Ni kwa faida yako. Utanishukuru."

Jumatano alilia mchana wote. Mtaa wetu ulikuwa na kelele, redio hapa, mtoto pale, fundi anagonga sufuria, kwa hivyo hakuna mtu alisikia, au kama alisikia alisema ni paka. Mama akaniuliza, "Rafiki yako ako wapi?" Nikasema amekimbia. Akasema, "Afadhali."

Atieno nilimwambia. Singeweza kumficha Atieno kitu. Alikuja akachuchumaa mbele ya wavu, akafikiri, akaniambia sifanyi vizuri, minyoo haiwezi kutoa kichwa kama haisikii harufu. Ni kweli, nikaona. Chakula cha mchana nikabeba sahani yangu mpaka kizimbani. Ugali na omena. Tukakaa mbele ya Bosi tukala polepole. Tukainua omena moja moja, tunaipuliza ile harufu iingie kwa wavu, tunaita, "Kujeni! Kujeni nje! Chakula iko huku!" Tulikuwa tunaita minyoo, unaelewa? Bosi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika wavu na kucha zote za mbele, mdomo umefunguka mpaka unaona koo. Sisi tunaangalia ndani ya koo. Atieno alikuwa ameshika kijiti. Anasema naona kitu. Mimi nasema wapi. Anasema hapo, nyeupe. Ilikuwa jino.

Nacheka sai, usinione hivyo. Ukiwa unasimulia kitu miaka mingi inaanza kuwa na mahali pa kuchekea. Mimi hapo kwa jino ndio nachekeanga.

Maji pia nilimnyima. Juu sisi tulinyimwa hata chai, si ndiyo? Sikutaka kukosea. Alhamisi nilimpelekea mkono tu, nikapitisha vidole kwa wavu nimguse, na vilikuwa vinanukia samaki. Akaanza kuvilamba. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama msasa. Alivilamba kila kimoja, na katikati, na kucha, amefunga macho. Mwili wangu wote ukaniambia nenda ulete maji. Nikasimama kabisa. Halafu nikaangalia tumbo. Tumbo ilikuwa bado iko, hata ilionekana kubwa zaidi juu mgongo umezama. Nikafikiri, nikimpa sai minyoo itakunywa yote, ipate nguvu, na Jumamosi ni gunia. Nikatoa mkono. Akafuata na pua mpaka kwa wavu. Nikampiga hiyo pua. Na kidole, hivi, ta! "Wacha ulafi."

Hiyo ndiyo siichekei.

Ijumaa hakulia. Nikaona ni vizuri, nikaona ameelewa. Alikuwa amelala ubavu, jua limepiga hayo mabati tangu asubuhi, ukiweka mkono juu unautoa haraka. Aliponiona alifungua mdomo lakini sauti haikutoka. Nikamwambia kesho. Nikamwambia hata mimi leo silali nimekula, tuko pamoja, kesho nitakuletea dawa kwa mdomo yangu. Na kweli hiyo jioni mama hakupika, na mimi nikaenda kulala nimefurahia njaa, juu nilikuwa naisikia vile yeye anaisikia. Nilijidanganya hivyo. Yangu ilikuwa ya siku moja.

Jumamosi laini ikapangwa. Nilikuwa wa tatu. Nilikuwa nimejifunza na mate jinsi ya kuweka kitu kwa shavu bila kumeza. Mama akabana pua, akamwaga, nikafunga mdomo, nikainamisha kichwa kama nimemeza. Akasema, "Mwingine." Nikatembea pole mpaka kona, halafu nikakimbia. Shavu limefura, ile utamu inachuruzika kwa koo kidogo kidogo, naizuia. Nikasokotoa waya.

Bosi alikuwa amelala vile vile. Na mbele ya mdomo wake, kwa ubao, kulikuwa na minyoo mbili. Moja imetoka nusu tu, nusu ingine iko ndani, inageuka geuka kama inatafuta njia. Nyuma chini ya mkia kulikuwa na ingine. Na tumbo, haki ya Mungu nakuambia, tumbo ilikuwa imeshuka. Imelala chapati.

Nikameza dawa kwa furaha. Nikapiga nduru, "Zimetoka! Zimetoka!" Sijawahi kukimbia hivyo mpaka leo. Nikapita kati ya laini, nikamshika mama leso, nikamvuta mpaka kijiko kikaanguka. "Mama kuja uone! Bosi amepona! Zimetoka zenyewe! Mwambie baba aache gunia!" Na unajua ploti, mtu mmoja akikimbia wote wanakimbia. Laini yote ya watoto, na wamama na sabuni kwa mikono, wakaja nyuma ya nyumba. Mimi mbele, nimesimama kando ya kizimba kama mwenye duka, naonyesha na mkono. "Angalieni tumbo!"

Senge alichukua fagio. Akaingiza mti wa fagio, akamsukuma Bosi. Bosi akageuka mzima mzima, miguu ikabaki imenyooka hewani kama ya stuli.

Halafu Senge akasema, "Kweli amepona. Hata njaa haitamsumbua tena."

Wakacheka. Wee, walicheka! Wamama wale, watoto, Atieno alicheka mpaka akakaa kwa majivu. Na mimi nikacheka na wao. Nilicheka nikapiga makofi, juu nilifikiri wamefurahi pamoja na mimi. Nikamwambia Bosi amka sasa, imeisha, amka ukule. Nikamwekea kichwa cha omena mbele ya pua, nilikuwa nimekificha kwa mfuko wa nguo tangu Alhamisi. Ndio nikaona nzi anatembea kwa jicho lake na jicho halifungi.

Mama ndiye hakucheka. Akainama akaniuliza, polepole, "Ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Nimemnyima tu, mpaka maji. Vile wewe hutufanyia."

Kicheko kikakatika kama mtu amezima redio. Wamama wakamwangalia mama yangu. Mimi sikujua nimesema nini, nilifikiri nimemsifu. Mama alinipiga kofi nikaangukia mabati, na nakuambia hakunipigia paka, alinipigia hiyo maneno, mbele ya wale watu. Akachukua gunia mwenyewe. Akanifanya nimtie Bosi ndani na mikono yangu, nibebe mpaka jaa la takataka, nirudi, nioshe ubao, nioshe mikono na Jik, ile ya kung'arisha nguo, mpaka ngozi ikaanza kuwasha. Baba aliporudi jioni akauliza paka iko wapi. Senge akasema, "Msichana wako amekuokolea safari." Baba akasema asante.

Mama hajawahi kuniambia pole, mpaka leo, na ako hai, ako nyumbani Bungoma anakula mahindi. Lakini likizo iliyofuata, ile Ijumaa, tumeshajipanga kulala njaa, akaingia jikoni akapika ugali mkubwa na nyama. Akatupakulia. Akasimama juu yangu mpaka nikamaliza, akaniongezea, nikamaliza, akaniongezea tena. Sikuwa na mahali pa kuweka. Alisimama hapo na mwiko. Jumamosi tukanywa dawa tumeshiba, na minyoo ikatoka vile vile.

Ndio nirudi kwa agroveti, juu hapo ndipo nilitaka kufika. Yule msichana wa duka, mdogo kabisa, amesuka rasta nyekundu, akapapasa tumbo ya paka ya Shantel, akamweka kwa mizani. Jina la paka ni Smoki. Akasoma kilo, akavunja tembe, akatupatia kipande kidogo kama punje ya mchele. Akasema hiyo dawa inategemea uzito, usikisie. Mtoto wa paka anapewa kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, halafu akiwa mkubwa kila miezi tatu, usingoje tumbo ifure ndio ukumbuke. Dawa ya watu usimpe. Na viroboto uwaue, juu paka akijilamba anameza kiroboto na minyoo inarudi upya. Mimi nasikiza, natingisha kichwa, yote nimeshika. Halafu nikamuuliza ile kitu nimebeba hiyo miaka yote. Nikamuuliza, "Na chakula? Namnyima kuanzia lini?"

Akacheka. "Kumnyima ya nini, mathe? Mfungie tembe kwa nyama, ataila bila hata kujua."

Bila hata kujua. Sikiza hiyo.

Tukarudi nyumbani, nikafungia ile punje kwa kipande cha maini, Smoki akameza mara moja akaomba ingine. Tukampa ingine, maini tupu. Hapo ndio nikamsimulia Shantel yote, vile nimekusimulia, na Senge na fagio na jino. Nilifikiri atacheka kwa jino. Hakucheka. Akaniuliza, "Kukhu, siku ya kwanza alikuwa analia aje?" Nikamfanyia ile sauti, mimi najua kuiga. Smoki akaacha kula akaniangalia.

Shantel akasogea, akaweka mkono kwa tumbo yangu, na mimi ni mtu wa tumbo, sikatai, nimezaa na napenda kula. Akaipapasa pande zote, polepole, vile yule msichana wa duka alipapasa ya paka. Akaniambia, "Kukhu, wewe ukizeeka ukipata minyoo, sitakufungia mahali. Nitakupea chakula kwanza, na maji, mpaka ushibe. Ndio nikupee dawa. Naapa."